Kalipa Nyekundu na Swali la Ukweli

Kalipa ya breki ni chuma ambacho hakuna anayekidai urembo. Imejificha nyuma ya rimu, imeikumbatia diski pande zote mbili, na kazi yake ni moja: dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa kutoka silinda kuu, pistoni ya kalipa hujitokeza, pedi huibana diski, na mwendo wa gari zima na abiria wake hugeuzwa kuwa joto. Katika magari mengi ya kawaida yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, kalipa ya mbele ina pistoni moja tu, huteleza juu ya pini mbili, na hutoka kiwandani bila pambo lolote. Mvua na hewa ya chumvi ya pwani haziichelewi; muda si mrefu imekuwa na rangi ya udongo. Ndipo mwenye gari anaponunua kopo la rangi nyekundu ya kuhimili joto, anapiga jeki uani kwake siku ya mapumziko, na kuipaka. Akirudi barabarani gari halisimami mapema kuliko lilivyosimama jana. Kilichobadilika ni kile kinachoonekana, basi. Hapo pana swali lililokuwepo kabla ya gari kubuniwa: kukipamba chombo cha kazi bila kukiongezea uwezo, tena chombo ambacho roho za watu zimewekwa rehani kwake, ni jambo la halali, ni upuuzi, au ni namna ya kusema uongo? Ninachokitetea hapa ni kwamba rangi haiwi kweli wala uongo kwa kulingana au kutolingana na nguvu ya breki. Huwa hivyo kutokana na yaliyofanyika kabla haijapakwa, na kutokana na nani anayeitegemea baada ya kupakwa.

Kwanza tukiondoe kisingizio. Ukimuuliza mpakaji sababu, mara nyingi atakuambia anazuia kutu. Jibu hilo si uongo mtupu, kwa kuwa kalipa nyingi ni chuma cha kusubu na rangi humtenga adui huyo na chuma. Lakini mwili wa kalipa ni mnene, na kutu ya juujuu hukaa juu yake miaka na mikaka bila kupunguza chochote katika kusimamisha gari. Kutu inayodhuru ni ile inayokamata pini za kuteleza, inayoingia kwenye pistoni, au inayojaa mahali masikio ya pedi yanapokalia. Na hizo ndizo sehemu hasa ambazo rangi hairuhusiwi kufika, kwa kuwa ikifika inakwamisha kinachopaswa kutembea. Kwa hiyo anayepaka kalipa anapaka kwa sababu anataka ipendeze, na ingekuwa heri aseme hivyo. Kwamba haoni raha kusema hivyo ni jambo la kutafakari. Tumezoeshwa kuamini kwamba uzuri ni lazima uje na udhuru mkononi, kama vile kupenda kitu kizuri ni kosa dogo linalohitaji shahidi wa kulitetea. Katika mapokeo ya Kiislamu ipo hadithi mashuhuri, iliyomo katika mkusanyiko wa Muslim, ya mtu aliyetaka kujua kama kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi. Mtume alijibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anaupenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Jibu hilo halikuishia kwenye ruhusa. Lilihamisha swali lote: ubaya haukutafutwa tena kwenye kitambaa wala kwenye ngozi ya kiatu, ulitafutwa kwenye uhusiano wa mtu na ukweli, na wa mtu na watu wenzake. Mizani hiyo ya pande mbili ndiyo nitakayoitumia.

Wapo waliokataa pambo kwa hoja nzito zaidi kuliko kuona haya. Katika majadiliano ya Plato yanayoitwa Hippias Major, Socrates anamwekea mpinzani wake mtego wa mwiko: chungu kikiwa jikoni, mwiko upi ni mzuri, wa dhahabu au wa mti wa mtini? Wa dhahabu unang'aa, ila waweza kukivunja chungu na kumwaga mchuzi. Wa mti unaufaa mchuzi na hata kuutia harufu nzuri. Ikiwa uzuri ni kufaa, basi dhahabu imeshindwa na mti. Karne nyingi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, msanifu majengo wa Vienna aitwaye Adolf Loos aliisukuma hoja ya namna hiyo hadi ukingoni akaliita pambo jinai: ni kazi iliyopotea bure, afya iliyopotea, na dalili ya kubaki nyuma kimaendeleo. (Hoja yake ilibebwa juu ya dharau ya wazi kwa watu wa Papua na michoro ya miilini mwao, na sisi ambao milango ya nakshi ya Lamu na Unguja ni sehemu ya urithi wetu tuna kila sababu ya kuisoma kwa jicho la pembeni.) Kwa mizani ya Loos kalipa nyekundu ni jinai mara mbili, kwa kuwa inapamba kitu ambacho tayari kilikuwa kamili bila pambo. Lakini hoja hii inachukulia kwamba pambo na kazi ni washindani wa nafasi moja, kwamba kila tone la rangi limeibwa kutoka mahali fulani. Mwiko wa dhahabu ni mbaya kwa sababu unaharibu kazi ya mwiko. Mlango wa nakshi haufungi vibaya kuliko mlango mtupu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliigusa tofauti hii kwa ufasaha: upo uzuri ulio huru, na upo uzuri uliofungwa na lengo la kitu, na yako mapambo mengi ambayo tungependa kuyaweka juu ya jengo kama tu jengo hilo lisingekusudiwa kuwa kanisa. Uzuri wa kalipa ni wa aina hiyo ya pili. Hauwezi kwenda popote unapotaka. Rangi haigusi uso wa diski, haigusi pedi, haigusi mipira ya kuzuia vumbi, pini, pistoni, wala tundu la nipeli ya kutolea upepo. Aliyeiweka kwa usahihi ameuliza breki kwanza: wapi naruhusiwa? Pambo linaloomba idhini ya kazi haliko kwenye kundi la mwiko wa dhahabu.

Tatizo zito liko kwingine. Rangi ya kalipa, siku hizi, ni lugha. Porsche imezitumia kalipa za njano tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuonyesha kwamba diski ni za kauri badala ya chuma, na kijani kikali kwa magari yake ya mseto wa petroli na umeme. Mitsubishi Lancer Evolution ya tano, ya mwaka 1998, ilikuja na breki za Brembo ya Italia, na kalipa nyekundu zikawa alama ya gari hilo. Subaru Impreza STI, ambayo vijana wa Nairobi hawahitaji kuelezwa ni gari gani, ilijulikana kwa zile za rangi ya dhahabu. Nyuma ya rangi hizo mbili kulikuwa na kalipa za mbele zisizoteleza, zenye pistoni nne za kubana kutoka pande mbili, na diski kubwa zaidi. Mtu anayejua magari, akichungulia kati ya miguu ya rimu na kuona nyekundu, anasoma ujumbe: gari hili limetengenezwa kwa mwendo mkali na linaweza kuumudu. Mwenye gari dogo la pistoni moja akipaka nyekundu, amelitamka neno lile lile bila kuwa na kile kinachotajwa. Waswahili wana msemo wa uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti. Je, hapa si ndipo tulipo?

Sheria za dini zimelichunguza jambo la namna hii kwa makini kuliko falsafa, labda kwa sababu wanasheria walilazimika kuamua kesi sokoni. Hadithi mbili zinahusu moja kwa moja. Katika ya kwanza, Mtume anapita kwenye rundo la nafaka, anaingiza mkono, na vidole vinatoka na majimaji. Muuzaji anasema ni mvua. Anaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na hukumu inatolewa kwamba mdanganyifu hayumo katika jamaa hii. Katika ya pili inakatazwa kumfunga mnyama chuchu siku kadhaa kabla ya kumuuza ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mwingi wa maziwa. Aliyenunua kwa hila hiyo ana siku tatu: akitaka anabaki naye, akitaka anamrudisha pamoja na kipimo cha tende badala ya maziwa aliyokamua. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, yaliichukua hukumu hii na kuifanya mzizi wa haki ya kurudisha kilichouzwa kwa kufichwa hali yake. Upande wa Ukristo, katika Injili ya Mathayo sura ya 23, Yesu anawafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje na yaliyojaa mifupa kwa ndani. Ukiyaweka haya pamoja utadhani kalipa nyekundu imeshahukumiwa.

Haijahukumiwa, kwa sababu kesi hizo zote zina kitu ambacho kalipa ya uani haina. Kiwele kilichojaa ni hila kwa kuwa yupo mtu anayetoa fedha zake akikitegemea. Nafaka kavu ya juu ni hila kwa kuwa ile iliyolowa imefichwa kwa yule anayeilipia. Hakuna mwanasheria aliyesema kwamba mbuzi mwenye kiwele kikubwa anayechunga mlimani anawadanganya wapita njia. Ishara huwa uongo pale inapokabidhiwa mtu ambaye ana haki ya kupata kweli, na yeye akaijengea uamuzi. Anayeliona gari likipita Moi Avenue na kudhani lina breki za mbio hajapoteza kitu na hakuwa na dai lolote. Tena lugha ya rangi hubadilika kwa kutumiwa: kalipa nyekundu zilipokuwa chache zilisema jambo mahususi, na kila gari la kawaida linalopakwa linalipunguza jambo hilo, hadi leo nyekundu peke yake haimthibitishii chochote mtu mwenye akili. Jina ni jambo tofauti. Ziko stika zenye jina la kampuni ya breki ambazo hubandikwa juu ya rangi, au vifuniko vya plastiki vyenye jina hilo ambavyo huvishwa kalipa ndogo ili ionekane kubwa. Hapo naona mstari umevukwa. Rangi nyekundu si mali ya mtu, lakini jina ni ushuhuda. Linasema nani alitengeneza kitu hiki na nani atabeba lawama kikishindwa. Anayeandika jina la mtengenezaji kwenye chuma ambacho mtengenezaji huyo hakukigusa ameghushi sahihi, hata kama gari haliuzwi kamwe. Kuhusu vile vifuniko vya plastiki kuna ubaya wa ziada: vimeficha kile ambacho kila fundi angependa kukiona, na vimekaa karibu na joto ambalo havikuumbiwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Nimesema ukweli wa rangi uko katika yaliyotangulia, na ili hilo lieleweke ni lazima kuitazama kazi yenyewe. Kalipa haipakwi rangi jinsi ilivyo. Nati za tairi hulegezwa gari likiwa bado chini, kisha jeki hunyanyua, kisha gari huwekwa juu ya stendi, kwa kuwa jeki peke yake imeua watu. Tairi likitoka, kalipa inaonekana ilivyo: vumbi jeusi la pedi, grisi ya zamani, kutu. Vumbi hilo halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, maana si la kuvutwa pumzi na baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asbestosi. Hulowanishwa na kufutwa. Ndipo inakuja brashi ya waya, msasa, na dawa ya kusafishia breki, mara moja, mara mbili, mpaka kitambaa kitoke safi. Rangi haishiki juu ya uchafu. Ukiipaka hivyo hivyo itabanduka baada ya siku chache za joto. Kwa hiyo kazi inamlazimisha mtu kufanya kinyume cha kuficha kabla hajafika kwenye kufunika. Akisafisha karibu na mpira wa pistoni ataona kama umepasuka. Akizungushia tepu bomba la mpira linaloleta mafuta ataona kama lina nyufa. Akichungulia kwenye dirisha la kalipa ataona unene wa pedi, na kama ya ndani imeliwa zaidi kuliko ya nje, dalili ya kwamba pini hazitelezi tena. Akipitisha kidole kwenye ukingo wa diski atauhisi mdomo uliobaki pale pedi zisipofika, na kujua diski imepungua kiasi gani. Hakuna hata moja kati ya haya alilolikusudia. Alikusudia nyekundu. Lakini wamiliki wengi huishi na breki zao miaka bila kuziona hata siku moja. Huzikanyaga kwa imani tupu, na imani hiyo haina ubaya wowote ila haijui inaamini nini. Tamaa ya uzuri imemfikisha mtu mahali ambapo wajibu haukuwa umemfikisha.

Ndiyo maana naweza kuweka magari mawili yenye kalipa nyekundu zinazofanana kabisa na kusema moja ni kweli na lingine ni uongo. Kalipa ya kwanza ilivuliwa uchafu, ikakaguliwa, pini zikatolewa na kupakwa grisi inayofaa, kisha ikapakwa rangi tabaka jembamba juu ya tabaka. Ya pili ilipuliziwa kopo la rangi kati ya miguu ya rimu, tairi likiwa halijafunguliwa, juu ya vumbi na kutu, kwa dakika tano. Kwa mbali jicho haliwezi kuzitofautisha. Tofauti iko katika historia ya kila moja, na historia haionekani juu ya uso. Nikirudi kwenye makaburi ya chokaa, nadhani hapo ndipo tunapoyasoma vibaya. Lawama katika sura ile haikuwa juu ya chokaa. Mistari michache kabla ya makaburi yanatajwa kikombe na sahani, na agizo linalotolewa ni kusafisha kwanza ndani, ili nje nako kuwe safi. Utaratibu ndio unaoamuriwa, na nje haikukatazwa kung'aa. Kalipa iliyosafishwa kabla ya kupakwa imeutii utaratibu huo hata kama aliyeipaka hajawahi kuisoma Injili. Na kuna jambo ambalo linanipendeza zaidi kuliko hoja yoyote ya vitabuni: mafuta ya kawaida ya breki, yale ya daraja la DOT 3 na DOT 4, huila rangi. Hata rangi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kalipa huvimba na kubanduka yakikaa juu yake. Kalipa chafu ikianza kuvuja, unyevu unapotelea kwenye uchafu na hakuna anayeutambua. Kalipa safi iliyopakwa ikianza kuvuja, rangi yake inachubuka mahali pale pale mafuta yanapotokea. Pambo limegeuka mpelelezi. Ile ya kupuliza juu ya vumbi hubanduka kila mahali kwa sababu yoyote ile, kwa hiyo haitoi ushahidi wowote.

Pingamizi ambalo sioni njia rahisi ya kulijibu ni hili: anayedanganywa na kalipa nyekundu si mpita njia, ni mwenye gari mwenyewe. Nyekundu inamwambia kila asubuhi kwamba breki zake ni za shababi, na mguu wake wa kulia unasikia. Hii si dhana tu. Miaka ya 1980 mjini Munich lilifanyika jaribio ambalo bado linatajwa na kila anayeandika juu ya usalama barabarani: teksi za kampuni moja ziligawanywa, baadhi zikawa na mfumo mpya wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, nyingine zikabaki bila. Ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa kwa zile zenye mfumo, na waangalizi waliona madereva wake wakiendesha kwa ukali zaidi. Walitumia usalama walioongezewa kununua mwendo. Na hilo lilikuwa ongezeko la kweli la uwezo. Vipi basi mtu aliyeongezewa rangi? Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, mkusanyiko wake wa vitabu, kwa ajili ya ghururi, yaani hali ya mtu kughilibiwa na nafsi yake hadi akadhani anacho asichokuwa nacho, na alikiweka baada ya vitabu vya riya na kiburi. Anayejionyesha kwa watu angalau anajua kuna tofauti kati ya nje na ndani. Aliyeghurika ameipoteza tofauti hiyo.

Nakubali nguvu ya pingamizi hili, na ninalijibu nusu tu. Mtu aliyeifanya kazi yote ile uani ametoka akijua breki yake kwa undani kuliko alivyoingia: ameiona pistoni moja, amejua haikuzaa nyingine kwa kupakwa rangi. Ni vigumu kughurika na kitu ambacho kutu yake umeikwangua wewe. Anayeghurika kirahisi ni yule aliyelipa apuliziwe, au aliyenunua gari likiwa tayari limepakwa, ambaye ana ishara bila kuwa na ujuzi. Nusu iliyobaki haina jibu ila kipimo. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini hufyonza maji kutoka hewani, na kiwango kinachokubalika kwa yale yaliyokwisha kufyonza hushuka hadi nyuzi 155. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga akiwa amekalia breki njia nzima, na mafuta ambayo hayajabadilishwa tangu gari lifike nchini, anaweza kukanyaga pedali ikazama hadi chini bila kusimamisha chochote. Rangi za kalipa hutengenezwa kuhimili zaidi ya nyuzi 200. Nyekundu yake itafika chini ikiwa nzima, imehimili joto ambalo mafuta yaliyo ndani yake hayakulihimili. Ikiwa mtu ana fedha za kimoja tu kati ya kopo la rangi na chupa ya mafuta mapya ya breki, na akachagua kopo, hapo sina la kumtetea.

Wengine watasema mtu asiye fundi asikaribie breki kabisa, kwa sababu kosa lake halitamwua peke yake. Hoja hiyo nayo ina mzizi wa kidini: iko hadithi inayomfanya anayetibu watu bila kujulikana kuwa tabibu awajibike kwa madhara atakayoleta. Barabara ni ya wote, na mtembea kwa miguu pale kivukoni hakuulizwa kama yuko tayari kulitegemea jaribio la jirani yake. Lakini tuwe waangalifu tunachokikataza. Kupaka rangi hakuhitaji kufungua bomba la mafuta, na mtu akiishia hapo hajaingiza upepo kwenye mfumo. Mipaka inajulikana: kalipa ikifunguliwa isining'inie kwenye bomba lake, ifungwe kwa waya, nati zikazwe kwa kiasi kilichowekwa na mtengenezaji, pedali ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu, kabla gari halijaondoka. Asiyeweza kuyafuata hayo asiguse, na huo ni wajibu, si ushauri. Anayeweza, na akagundua mpira uliopasuka, ana kazi moja zaidi, kulipeleka gari kwa fundi siku hiyo hiyo hata kama rangi haijakauka. Hapo ndipo nia inapojaribiwa kwelikweli, kwa sababu aliyeona kasoro akaipita na brashi ana hatia kubwa kuliko asiyefungua tairi maisha yake yote. Huyo wa pili hakujua.

Juu ya israfu sina mengi. Kopo moja na brashi havimfilisi mtu mwenye gari, na anayeona uchungu wa fedha hizo huku akinunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo anachagua dhambi za kukemea.

Inabaki siku ya kuuza. Siku hiyo ile ishara iliyokuwa haimhusu mtu inampata mwenye haki, na hadithi ya kiwele inarudi na nguvu zake zote. Kwenye yadi za magari ya mtumba huoshwa injini, hupakwa dawa tairi, na siku hizi kalipa nazo hupigwa nyekundu, kwa sababu madalali wamejifunza kwamba macho ya mnunuzi huenda pale. Wasemao kwamba kizuri chajiuza husahau kwamba hata kibaya kinaweza kuvishwa. Kwa maoni yangu aliyepaka kwa uaminifu halazimiki kuikwangua rangi yake kabla ya kuuza. Analazimika kusema kwamba ameipaka mwenyewe, kwamba ni kalipa ile ile iliyotoka kiwandani, na kueleza alichokiona alipoisafisha, pamoja na kile ambacho angependa kukinyamazia. Mnunuzi naye asitosheke na maneno. Aombe tairi lifunguliwe, aangalie pedi ya ndani, na apitishe ukucha kwenye pembe ya kalipa, pale rangi inapokutana na chuma, aone kama chini yake kuna chuma au kuna vumbi.